Dirisha Lisilofungwa: Vitufe Viwili na Siri ya Mgonjwa

Mgonjwa wa Katesh, awe ametoka Bassotu, Balangdalalu au Endasak, huyajua madirisha ya hospitali kabla hajamjua tabibu wake. Kama ilivyo katika wilaya nyingine nchini, lipo dirisha la kujiandikisha, dirisha la malipo, dirisha la bima na, mwisho wa safari, dirisha la dawa. Kila dirisha lina mtumishi wake na foleni yake, na hakuna asiyejua kwamba dirisha la dawa likiachwa wazi usiku bila mlinzi, asubuhi patakuwa na kesi ya kujibu. Hata hivyo, katika vituo vyenye kompyuta lipo dirisha jingine ambalo halina fremu wala komeo linaloonekana kwa macho. Dirisha hilo limo ndani ya skrini iliyo mezani pa tabibu. Humo mna jina la mgonjwa, umri wake, kijiji chake, majibu ya maabara na dawa anazotumia. Likiachwa wazi hakuna kesi, kwa sababu kilichoibwa hakihesabiki kwenye leja.

Hoja ya makala haya ni kwamba kuyaongoza madirisha hayo kwa vitufe vya kibodi, yaani kuyafunga, kuyaficha, kuyabadili na kuyapanga bila kuhangaika na kipanya, ni sehemu ya uuguzi na utabibu. Si ufundi wa ziada unaoachiwa afisa TEHAMA. Ni tendo dogo linalopaswa kufanyika kati ya mgonjwa na mgonjwa, kama vile kunawa mikono kunavyofanyika kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Kwa hiyo lifundishwe na lisimamiwe kwa uzito uleule.

Kwa miaka mingi siri ya mgonjwa ilitunzwa kwa karatasi. Faili lilifunikwa, vitabu vya MTUHA vikarudishwa kabatini, na mlango ukafungwa kwa ufunguo. Mtumishi aliyefunika faili hakuhitaji mafunzo maalumu, kwa kuwa mkono wenyewe ulijua kazi yake. Kisha ikaja mifumo ya kielektroniki. Vituo vingi vya umma sasa vinatumia GoTHoMIS kuandikisha wagonjwa, kuagiza vipimo na kutoa dawa, takwimu za mwezi zinapelekwa kupitia DHIS2, na uhalali wa kadi ya bima unahakikiwa mtandaoni. Tabibu mmoja anaweza kuwa na madirisha manne au matano yaliyofunguliwa kwa wakati mmoja: jalada la mgonjwa aliye mbele yake, majibu ya maabara ya mgonjwa aliyetoka, orodha ya wanaosubiri nje, na mwongozo wa matibabu aliokuwa akiusoma. Karatasi zimepungua mezani, lakini mkono haujafundishwa namna mpya ya kufunika faili.

Tatizo hilo limo katika asili ya chombo chenyewe. Toleo la kwanza la Windows, lililotoka mwaka 1985, liliyapanga madirisha ya programu kando kwa kando, kila moja likionekana. Toleo la pili, la mwaka 1987, ndilo lililoruhusu dirisha moja kulalia jingine. Tangu hapo mtumiaji wa kompyuta amezoea kudhani kwamba dirisha asiloliona limefungwa. Sivyo. Dirisha lililofunikwa na jingine bado liko wazi na yaliyomo hayajaondoka. Yeyote atakayeshika kipanya kwa nusu dakika anaweza kuliinua juu.

Chukua mfano wa zahanati au kituo cha afya chochote. Tabibu amemaliza kumshauri mama mmoja kuhusu majibu ya kipimo cha Virusi vya UKIMWI. Mama ametoka, tabibu anaandika maelezo yake, na kabla hajamaliza anaitwa kwa haraka chumba cha kujifungulia. Anasimama na kukimbia, kama anavyopaswa. Nyuma yake mgonjwa wa pili ameshaketi kitini, naye anatoka kijiji kimoja na yule mama. Skrini inawaka. Hahitaji kuwa mdaku ili asome, kwani jicho la binadamu hulifuata andishi lililo mbele yake. Katika wilaya ambayo jina moja la Kidatoga au la Kiiraqw laweza kumtambulisha mtu hadi ukoo wake, mstari mmoja uliosomwa kwa bahati mbaya unaweza kufika nyumbani kabla ya mwenye habari. Ndoa huvunjika kwa mstari kama huo. Na aliyewahi kusikia habari zake mnadani hatarudi kituoni kuchukua dawa, hata dawa hizo zikiwa za bure.

Sheria haiko kimya. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo yatunzwe kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Lakini sheria husema lisilopaswa kutendeka, bila kumwonesha muuguzi aweke kidole wapi anapoitwa ghafla. Ndipo vitufe vinapoingia.

Katika kompyuta zinazotumia Windows, kitufe chenye alama ya dirisha la vioo vinne huwa katika safu ya chini kabisa ya kibodi, upande wa kushoto, jirani na Ctrl na Alt. Mtumishi akikibonyeza pamoja na herufi L, skrini nzima hufungwa papo hapo. Kazi aliyokuwa akiifanya haipotei. Madirisha yake yote yatabaki kama alivyoyaacha, lakini hakuna awezaye kuyaona bila kuandika nywila. Tendo hilo linachukua muda mfupi kuliko kusukuma kiti nyuma. Kompyuta zenye mifumo mingine nazo zina mkato wa namna hiyo, na ni kazi ya afisa TEHAMA kumwonesha kila mtumishi ule unaofaa kwa chombo chake.

Upo mkato wa pili ambao mara nyingi huchanganywa na huo. Kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na D, madirisha yote hushuka na kuacha skrini tupu. Yakibonyezwa tena, madirisha hurudi. Huu unafaa pale mtu anapoingia chumbani bila hodi na tabibu bado ameketi kitini pake. Haufai hata kidogo pale tabibu anapoondoka, kwa maana aliyebaki anaweza kuyarudisha madirisha yale kwa vitufe vilevile viwili. Anayeketi anaweza kuficha. Anayesimama lazima afunge. Mtumishi akiishika kanuni hiyo tu, ameshapata nusu ya mafunzo yote.

Hata hivyo, kufunga hakuna maana kama kila mtu ana ufunguo. Pale ambapo nywila moja hutumiwa na zamu nzima, au huandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kando ya skrini, vitufe viwili hivyo vinageuka kuwa mchezo. Zaidi ya hayo, kila kinachoandikwa ndani ya mfumo hubeba jina la aliyeingia. Muuguzi anayeacha dirisha lake wazi anaweza kukuta dawa imeagizwa kwa jina lake na mkono asioujua. Hivyo kufunga skrini kunamlinda mgonjwa, na kunamlinda pia mtumishi mwenyewe siku ya kuulizwa.

Siri ni upande mmoja wa jambo hili. Upande wa pili ni macho ya tabibu. Wagonjwa wengi hulalamika kwamba tangu kompyuta iingie, daktari anaitazama skrini kuliko anavyomtazama mgonjwa. Malalamiko hayo si ya hapa tu. Utafiti uliofanyika Marekani chini ya uongozi wa Christine Sinsky, ukachapishwa mwaka 2016 katika jarida la Annals of Internal Medicine, uliwafuatilia madaktari 57 na kuona kwamba kwa kila saa moja ya kuwahudumia wagonjwa ana kwa ana, karibu saa mbili nyingine ziliishia kwenye mfumo wa kompyuta na kazi za mezani. Kompyuta ya Katesh si ile ya Chicago, lakini shingo inayoinamia skrini ni ileile.

Hapa mikato haiwezi kuondoa mzigo wote, ila inaweza kuupunguza. Tabibu asiyeijua huteremsha dirisha moja kwa kipanya, hutafuta jingine, hukosea, hurudi, na muda wote huo uso wake uko kwenye skrini. Anayeijua hushikilia Alt na kugusa Tab, akahama kutoka jalada la mgonjwa hadi majibu ya maabara bila kuinamisha kichwa kwa muda mrefu. Akibonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto, dirisha moja hujipanga nusu ya skrini. La pili akalipeleka nusu ya kulia kwa mshale wa kulia. Majibu ya maabara na fomu ya kuandikia dawa vikawa kando kwa kando, wala hana haja ya kukariri namba kutoka dirisha hili hadi lile. Tabibu mwenye umri uliosogea, ambaye maandishi madogo yanamchosha macho, anaweza kushika Ctrl na alama ya kujumlisha ili maandishi ya ukurasa yakue, badala ya kusogeza pua hadi kwenye kioo.

Sekunde chache zinazookolewa si za kudharauliwa katika wilaya ya Hanang. Bibi wa Kibarbaig anayezungumza na tabibu kupitia mjukuu wake haeleweki kwa maneno tu. Mkono anaouweka kifuani, kimya chake kabla ya kujibu, jinsi anavyomtazama mjukuu anapoulizwa jambo la aibu, yote hayo ni sehemu ya historia ya ugonjwa. Tabibu aliyekuwa akitafuta dirisha lililopotea wakati huo hakuyaona, na hakuna mfumo utakaomwandikia alichokikosa.

Ni vyema kutoyatwisha madirisha lawama zisizokuwa zake. Wengi huamini kwamba kufungua majalada kadhaa kwa pamoja ndiko kunakosababisha dawa ya mgonjwa mmoja kuandikwa kwa mwingine, na kwamba dawa yake ni kuwakataza watumishi wasifungue zaidi ya moja. Jambo hilo limejaribiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA uliwagawa watoa huduma 3,356 wa Marekani katika makundi mawili: kundi moja liliruhusiwa kufungua jalada moja tu, jingine hadi manne. Makosa ya kuagiza kwa mgonjwa asiye sahihi hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Hata katika kundi lililoruhusiwa kufungua manne, maagizo mengi yalitolewa jalada moja tu likiwa wazi. Fundisho lake kwa kituo cha wilaya ni kwamba katazo peke yake halimwokoi mgonjwa. Linalomwokoa ni tabibu kulisoma jina na tarehe ya kuzaliwa kwa sauti kabla ya kuthibitisha agizo, na kuwa na mkono uliozoea kuliweka jalada sahihi mbele. Mikato haichukui nafasi ya kusoma jina. Kazi yake ni kuhakikisha jina linalosomwa ni la aliyeketi kitini.

Tena, dirisha si la kufungwa tu. Taarifa za mgonjwa ni zake, na ipo heshima kubwa katika kumwonesha. Tabibu anayebonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa juu hulipanua dirisha la mgonjwa huyo likaijaza skrini yote, majalada ya wengine yakafunikwa. Kisha anaweza kuigeuza skrini na kusema: "Mama, tazama hapa, hiki ndicho kiwango cha sukari yako tangu Januari." Mgonjwa aliyeona mstari ukishuka baada ya kuzingatia dawa ana sababu ya kuendelea kuliko aliyeambiwa tu kwamba anaendelea vizuri. Mtumishi asiyejua kuyapanga madirisha yake huogopa kuigeuza skrini, na hofu hiyo ni ya haki, kwani hajui kitakachoonekana. Ujuzi wa kufunga ndio unaompa ujasiri wa kufungua.

Umuhimu wa jambo hili huonekana zaidi siku ngumu. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuikumba Katesh pamoja na maeneo jirani, yakiwamo ya Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na wengine wengi walijeruhiwa. Siku kama ile, mahali popote duniani, jamaa humiminika hospitalini kutafuta majina. Husimama nyuma ya karani, hushika ukingo wa meza, huchungulia. Orodha ya waliolazwa na orodha ya waliofariki zinaweza kuwa katika kompyuta moja, dirisha moja likiwa chini ya jingine. Mtu aliyempoteza mtoto anastahili kuambiwa na mtu mwenye jina na cheo, ameketishwa, ameshikwa mkono. Hastahili kulisoma jina la mwanawe juu ya bega la karani aliyekuwa akitafuta dirisha jingine. Siku hiyo hakuna muda wa kufundishana. Kitakachomsaidia karani ni kile ambacho kidole chake kilikwisha kukizoea siku za kawaida.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi. Kituo kikipungukiwa dawa, umeme ukikatika, na tabibu mmoja akihudumia foleni inayofika nje ya mlango, vitufe ni vya nini? Swali hilo ni la haki na halijibiwi kwa dharau. Jibu lake ni kwamba dawa huhitaji bajeti, na jenereta huhitaji mafuta, lakini vitufe hivi tayari vimo kwenye kibodi iliyokwisha kununuliwa. Havidai vocha wala safari ya semina. Wengine watasema mfumo wenyewe ungepaswa kujifunga mtumishi anapoondoka. Ni kweli, na mipangilio hiyo iwekwe. Lakini kompyuta inayojifunga yenyewe hungoja dakika kadhaa ili ijue kwamba mtu hayupo, na mgonjwa anayefuata huketi kitini kabla dakika hizo hazijatimia.

Lipo pingamizi zito zaidi: katika chumba cha dharura, kuandika nywila upya ni kumchelewesha mgonjwa asiyeweza kungoja. Hapo hekima ni kuangalia mahali kompyuta ilipo. Skrini ya chumba cha dharura igeuziwe ukuta ambao wageni hawapiti, na mtumishi mmoja abaki nayo. Uhai hutangulia siri. Lakini vyumba vingi vya kituo si vya dharura, wala mchana mwingi si wa dharura, na udhuru wa chumba kimoja usigeuzwe kuwa desturi ya kituo kizima.

Kinachotakiwa basi si kikubwa. Vyuo vya afya viingize mikato hii katika mazoezi ya vitendo, mwanafunzi apimwe kama anavyopimwa kunawa mikono: je, alipoinuka kitini alifunga? Mganga mfawidhi aitenge nusu saa moja katika kikao cha asubuhi, afisa TEHAMA aoneshe, na kila mtumishi ajaribu kwa mkono wake mwenyewe. Katika kikao hichohicho ifundishwe pia kwamba kitufe cha Windows pamoja na P ndicho huamua kinachorushwa ukutani na projekta, ili jalada la mgonjwa lisitokee mbele ya kikao kizima kabla msemaji hajajua. Kila mtumishi apewe nywila yake. Na mikato sita au saba iandikwe kwenye karatasi moja, ibandikwe kando ya skrini pale ilipokuwa ikibandikwa nywila.

Karatasi hiyo iandikwe kwa Kiswahili. Hakuna udhuru wa upungufu wa maneno. Tangu mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, imedhihirika kwamba programu nzima ya ofisini inaweza kuzungumza Kiswahili. Dirisha, kitufe, kibodi, kipanya na nywila ni maneno ambayo muuguzi wa Gitting na mwenzake wa Bassotu wanaelewana kwayo. "Ukisimama, funga: Windows na L" ni sentensi fupi kuliko maelekezo ya dawa ya minyoo.

Mwisho, mgonjwa naye ana sehemu yake. Akiketi kitini na kukuta jina la mtu mwingine linawaka mbele yake, si utovu wa adabu kusema: "Samahani daktari, naomba ufunge hiyo kompyuta kwanza." Anayeomba hivyo hamshtaki tabibu. Anamtetea jirani yake ambaye hayupo, na anajitetea yeye mwenyewe, kwa kuwa baada ya dakika kumi atakuwa ametoka, na aliye nyuma yake kwenye foleni ataketi katika kiti hichohicho.